Ténéré, DR650, V-Strom au GS: kuchagua pikipiki ya safari iliyotumika hapa Uganda

Mtu akiniuliza anunue pikipiki gani kubwa ya safari, mimi humrudishia swali: ikilala kwenye tope kati ya Kotido na Kaabong, kule Karamoja, saa kumi jioni na wingu limefunga, utakuwa na nani? Akijibu kwamba huwa anatoka peke yake, nusu ya orodha yake imekwisha kufutika. Wengine hununa. Wamekuja na picha kwenye simu, rangi wameshaipenda, na mimi nawaletea habari za tope.

Lakini ndivyo ninavyochagua. Hapa kwetu pikipiki hizi hatuzichagui dukani kwa kufungua katalogi. Tunachukua zilizopo: ya mfanyakazi wa shirika anayemaliza mkataba wake Kampala na ndege ni wiki ijayo, ya msafiri aliyekuja kwa barabara mpaka Nairobi akachoka hapo, au ile iliyopachikwa kwenye kontena kutoka Uingereza katikati ya mafriji. Unapewa siku mbili za kuamua. Kwa hiyo ni vizuri uwe umeamua kabla hujaona rangi.

Nimelinganisha nne tu: Suzuki DR650, Yamaha Ténéré, Suzuki V-Strom 650 na BMW R1200GS. Zipo nyingine nzuri, na nitazigusa, ila hizi nne ndizo zenye tabia nne tofauti kabisa, na ukijua unayoipenda kati yake utajua pia jamaa zake.

| | DR650SE | XT660Z Ténéré | V-Strom 650 (2012–2016) | R1200GS (2008–2012) |
|---|---|---|---|---|
| Injini | cc 644, silinda 1 | cc 660, silinda 1 | cc 645, silinda 2 | cc 1170, silinda 2 |
| Uzito na mafuta | kilo 166 | kilo 206 hivi | kilo 214 | kilo 229 |
| Kimo cha kiti | mm 885 | mm 895 | mm 835 | mm 850 au 870 |
| Tangi | lita 13 | lita 23 | lita 20 | lita 20 |
| Magurudumu (inchi) | 21 / 17 | 21 / 17 | 19 / 17 | 19 / 17 |
| Kusukuma gurudumu | cheni 525 | cheni 520 | cheni 525 | shafti |

Soma mstari wa uzito mara mbili. Kilo hizo ni kabla hujafunga hata begi. Boxer ya bodaboda ina kilo 120 hivi. Ikianguka dereva huiinua huku abiria bado anauliza kama amefika. Sasa chukua GS, iongezee vyuma vya kinga, masanduku matatu ya alumini, hema na maji, umeshapita kilo 280. Ile mbinu ya kuinua kwa mgongo, yaani kuipa pikipiki mgongo, kushika usukani na keria kisha kurudi nyuma kwa nguvu za miguu, ni mbinu ya kweli na kila mtu ajifunze. Kwenye lami inafanya kazi. Kwenye udongo mweusi wa Karamoja baada ya mvua, miguu yako ndiyo inayokwenda, pikipiki inabaki.

DR650: punda asiye na maneno

Hii Suzuki ilianza kuuzwa katika umbo hili mwaka 1996 na haijabadilishwa la maana tangu hapo. Inapozwa kwa hewa na oili, ina kabureta moja, haina rejeta, haina kompyuta. Fundi aliyekulia kwenye XL125 na DT125 za maafisa wa wilaya akiifungua hashangai. Ataona vitu vilevile, vimenenepa tu. Ningekuwa na kazi ya kunipeleka Kaabong kila mwezi, ningenunua hii na kunyamaza.

Kasoro zake unaziona kabla hujaondoka nyumbani. Tangi la lita 13 linakupa kilomita 250 hivi, kisha unaanza kununua petroli kwenye chupa za maji, na petroli ya chupa ina historia yake. Kwa hiyo tangi la plastiki la lita 20 si mapambo kwa DR, ni sehemu ya bei. Kiti ni ubao uliovishwa ngozi. Umeme wake ni mdogo, wati 200 hivi, ukitaka kufunga taa nne za ziada utakuwa unachaji giza. Na barabara ya Gulu, basi likiwa nyuma yako na wewe uko kwenye 100 huku mikono inatetemeka, utajiuliza maswali.

Kuna jambo moja la DR ambalo wauzaji wengi hawalijui au wanajifanya hawalijui. Nyuma ya klachi kuna swichi ndogo inayowasha taa ya gia huru, imeshikwa kwa skrubu mbili. Skrubu hizo zina tabia ya kulegea. Zikianguka zikaingia kwenye gia, injini umeiaga. Muulize mwenyewe kama zilishafungwa kwa waya au gundi ya nati. Akikutazama kana kwamba umemtukana, hesabu gharama ya kufungua klachi na kuzifunga, uipunguze kwenye bei, kisha mwendelee kuongea kwa amani.

Faida nyingine ndogo kwa sisi wafupi: kiwandani waliiacha na nafasi ya kushushwa karibu sentimita nne bila kukata kitu.

Ténéré: ile ambayo ningemshauri kaka yangu, kama kaka yangu angekuwa mrefu

XT660Z ilitengenezwa kati ya 2008 na 2016. Kwa Uganda ndiyo iliyokaa katikati vizuri kuliko zote. Tangi la lita 23 maana yake, ukienda kwa adabu, unatoka Kampala unafika Moroto bila kusimama sheli kwa lazima. Safari hiyo ni kilomita 460 hivi. Inatumia injeksheni, kwa hiyo kutoka Kampala kwenye mita 1,200 kupanda Kabale kwenye mita 2,000 haibadilishi pumzi kama kabureta inavyofanya asubuhi ya baridi. Shoki zake zina safari ndefu, gurudumu la mbele la inchi 21 linapita juu ya mashimo badala ya kuyahesabu.

Tatizo ni kimo. Milimita 895 si mchezo, na tangi likijaa, uzito wote umekaa kifuani. Mimi nina futi tano na inchi saba. Nikisimama nayo barabarani vidole vya mguu mmoja ndivyo vinavyogusa, na Uganda hakuna barabara inayokungoja uweke mguu sawasawa. Ukiwa mrefu, ruka aya hii.

Mwendo wa polepole, foleni ya Jinja Road kwa mfano, inakuwa inashtukashtuka kwenye gia ya pili. Unazoea. Kitu ambacho hutakiwi kuzoea ni mlio kutoka chini ya kiti unapopita tuta: zile beringi za mikono inayoshika shoki ya nyuma, wengi walizikuta hazina grisi ya kutosha tangu mpya, na ikiwa pikipiki iliishi Uingereza, chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi imeshazifikia. Chumvi hiyohiyo utaiona kwenye spoku na kwenye bolti za ekzosi. Kutu ya juujuu isikutishe. Bolti iliyokwisha kichwa ndiyo ya kuogopa, maana hiyo siku moja utatakiwa kuifungua.

V-Strom 650: hii ndiyo niliyo nayo, kwa hiyo nisikilizeni kwa tahadhari

Nilinunua V-Strom kwa sababu mama watoto alisema kama yeye hapandi, pesa haitoki. Kwa hoja hiyo nilichagua sawa. Kiti cha nyuma ni kiti kweli, injini ya silinda mbili haitikisiki, kioo cha mbele kinazuia wadudu wa jioni wa kule Pakwach, na kutoka Kampala mpaka Arua mnashuka mkiwa bado mnaongea. Mafuta inakunywa kidogo: kilomita 20 kwa lita bila kujibana.

Kwenye marramu kavu iliyochongwa na greda inakwenda vizuri tu. Marramu ikiharibika, ndipo unapoona ilizaliwa kuwa pikipiki ya lami. Iko chini, karibu milimita 175 kutoka ardhini, na mwenye kuichora aliweka filta ya oili mbele ya injini, chini, pamoja na bomba la ekzosi, kana kwamba mawe ni kitu cha nchi nyingine. Barabara ya Katunguru kwenda Ishasha, ambako malori ya Congo yameacha mifereji, jiwe la ukubwa wa ngumi liliruka kutoka tairi la mbele likagonga hapo. Filta ilibonyea, haikutoboka. Nilikaa chini kando ya barabara nikaishika kwa kitambaa, ya moto, nikitafuta tone. Tangu siku hiyo hakuna anayenishawishi kwamba bamba la chini la plastiki linatosha.

Rimu zake ni za kumiminwa, hazina spoku. Uzuri wake: tairi halina tyubu, msumari ukiingia unachoma utambi, unapiga pampu, dakika kumi umeondoka bila kufungua gurudumu. Ubaya wake: shimo kubwa likiikunja au kuipasua, hakuna wa kukunyooshea vizuri. Rimu ya spoku, hata fundi baiskeli wa Kotido ataikaza mpaka ikufikishe.

GS: tajiri mwenye daktari wake

Sina chuki na R1200GS. Kwa mtu wa Kampala–Busia–Nairobi–Dar es Salaam, mwenye mke nyuma na mkoba umejaa, hakuna iliyo karibu nayo. Haina cheni ya kupaka mafuta. Inatulia. Na niseme haki: zile silinda mbili zilizotoka ubavuni huizuia isilale kabisa ikianguka, kwa hiyo kuinua GS ni rahisi kuliko kilo zake zinavyotisha, ilimradi vifuniko vya silinda vina kinga na havijapasuka kwa kishindo.

Lakini GS ikiumwa haimwambii fundi, inaiambia kompyuta. Zile za miaka ya mwanzo zina ugonjwa wa antena ndogo ya kwenye swichi ya ufunguo: siku hiyo pikipiki inakataa kuutambua ufunguo wake na haiwaki, hata uipigie magoti. Kidude kinachoongoza pampu ya mafuta nacho hufa. Sanduku la gia la nyuma lina beringi na sili za kuchunguza. Shika gurudumu la nyuma juu na chini ulitikise, likicheza au ukiona oili kwenye rimu, ondoka. Na zile za 2004 hadi 2006 zenye breki za kusaidiwa na injini ya umeme, utazijua kwa mlio wa *zzzz* ukibana breki, ziache kabisa. Mtambo huo ukifa, breki inabaki kidogo sana, na bei ya mtambo mpya si ya mchezo.

Faida moja inayosahauliwa: klachi yake hadi mifano ya 2012 ni kavu, kwa hiyo oili nzuri ya gari haiidhuru. Hizo tatu nyingine klachi imeogelea ndani ya oili ileile ya injini. Ukiweka oili ya gari iliyotiwa dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza mlimani.

Za pembeni kwa haraka. Honda XRV750 Africa Twin ya zamani ni imara, ila uliza habari ya pampu ya mafuta na regyuleta. Transalp XL700V ni binamu wa V-Strom, mpole zaidi. KLR650 ya Kawasaki ni binamu wa DR mwenye tangi la lita 23 na rejeta. Uliza kama ule mkono wa kukaza cheni ya mizani ndani ya injini ulishabadilishwa. BMW F650GS Dakar ina tangi chini ya kiti, imetulia, pampu ya maji ndiyo ya kuangalia.

Kabla ya bei, cheni na tairi

Hapa ndipo Kampala inapoamua badala yako. Ingia soko la vipuri la Kiseka uulize cheni: utapewa 428, ya Boxer na ndugu zake, mpaka uchoke. Ukisema 520 au 525, mmoja atakwambia "ngoja", apotee nusu saa, arudi na 428 nyingine iliyo nene kidogo. Cheni, sproketi na tairi za hizi pikipiki utaagiza nje au Nairobi, kwa hiyo hali yake siku ya kununua ni pesa taslimu. Jino la sproketi likiwa limepinda kama wimbi, hesabu seti nzima.

Tairi lisome ubavuni. Baada ya herufi za DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lina meno mazuri kwa sababu pikipiki ilikaa gereji miaka minane, na mpira umeshakuwa kama kwato.

Tyubu ya inchi 21 ndiyo rafiki yako kwa DR na Ténéré, maana XL125 na DT125 nazo zina gurudumu la mbele la inchi 21 na tyubu zake zinapatikana mpaka miji midogo. Ni nyembamba kwa tairi pana, lakini inakufikisha. Wazee wa safari hubeba tyubu moja tu, ya mbele. Nyuma ikipasuka wanaikunja humohumo kwenye 17 na kwenda taratibu.

Siku ya kwenda kuiona

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu walikuwa wanakificha, mara nyingi ni kuwaka kwa shida asubuhi.

Simamisha gurudumu la mbele hewani, geuza usukani polepole kwa vidole viwili kutoka kushoto kwenda kulia. Pale katikati, ukisikia kama umeingia kwenye kikombe kidogo, beringi za shingo zimekwisha. Ukiona mita inasema kilomita 18,000 na raba za vikanyagio zimelainika kama sabuni ya jana, amini raba. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo: zinatakiwa kuimba karibu sauti moja, ile inayotoa mlio mfu imelegea. Kisha lala chini kabisa, usione haya nguo, uangalie fremu pale keria na vyuma vya masanduku vilipofungwa. Fremu ya nyuma ndiyo inayopasuka, na rangi mpya mahali hapo tu ni barua uliyoandikiwa.

Washa taa ukutani. Pikipiki ya Uingereza au Japani taa yake ya chini inaelekea kushoto, sawa na sisi. Iliyotoka Ujerumani au Ufaransa inaelekea kulia, yaani kwenye macho ya lori linalokuja. Ni kasoro ya kurekebishika, ila ni ya kupunguzia bei.

Makaratasi: namba ya fremu pale shingoni isomwe kwa macho yako na ilingane na logibuku, na jina la logibuku liwe la mtu uliye naye. Pikipiki yenye namba ya nje iliyoingia kwa kaneti, yaani hati ya kupita kwa muda, ni mgeni; kodi haijalipwa na inatakiwa itoke nchini. Bei yake nzuri ni kwa sababu hiyo tu. Vilevile ya namba ya Kenya haigeuki kuwa ya Uganda kwa kuvuka Malaba. URA, mamlaka ya mapato, watataka chao, na wao ndio wanaokadiria thamani, si karatasi ya mauzo mliyoandikiana hotelini. Na hakikisha kibali chako kina daraja A. Wengi wana cha gari, wanadhani mkubwa anabeba mdogo.

Vifaa: pesa iende wapi kwanza

Ukiwa na milioni 20, tafuta pikipiki ya milioni 14. Muuzaji atataka kukuhesabia kila alichofunga: "hizi taa pekee ni dola mia mbili." Sikiliza, kisha lipa kwa ajili ya pikipiki. Vifaa vya mtu mwingine vilinunuliwa kwa safari ya mtu mwingine.

Za kwanza ni tairi na beringi, ambazo hakuna atakayezipiga picha. Baada ya hapo bamba la chuma au alumini la kukinga tumbo la injini, halafu kinga za mikono zenye mfupa wa chuma ndani, si zile za plastiki za kuzuia upepo. Pikipiki ikilala Karamoja kitu cha kwanza kuvunjika ni mkono wa klachi, na bila klachi kilo 200 unazisukuma. Mwenye Ténéré aongeze wavu wa rejeta. Mwenye V-Strom na vyuma vya ubavuni.

Bamba na vyuma vya kinga, mafundi wa Katwe hapa Kampala wanatengeneza, na wanatengeneza vizuri ukisimama hapo. Langu lilichomelewa siku moja, bati la milimita nne, kunja safi, rangi nyeusi. Nikalipa, nikashukuru. Wiki tatu baadaye nataka kumwaga oili, sioni nati ya kumwagia. Tulikuwa tumeisahau sote wawili. Nilirudi.

"Fundi, oili inatokea wapi?"

Akainama, akatazama kwa muda. "Mzee, hukuniambia kama inatoka."

Tukatoboa. Basi ukienda, beba kipimo: nafasi ya nati ya oili, nafasi ya filta na spana yake, na vyuma vifungwe kwenye bolti nene za injini katika sehemu tatu au zaidi. Bomba lililofungwa sehemu mbili likigongwa linageuka kuwa wenzo wa kuvunjia kile ulichotaka kukilinda.

Taa za ziada, sawa, hasa kama unaingia mjini usiku, lakini kwa rilei na fyuzi yake, na kwa DR jozi moja ndogo ya LED basi. Chaja ya simu kwenye usukani, sawa. Mishikio ya kupasha mikono joto iache hapohapo kama imekuja nayo. Kisoro asubuhi utaitumia mara moja kwa mwaka.

Sasa masanduku. Hapa nina neno, maana nililipa.

V-Strom yangu ilikuja na masanduku mawili ya alumini ubavuni, na niliyalipia kama mjinga. Yanapendeza. Yana kufuli, mbele ya hoteli unajisikia mtu. Kati ya Moroto na Kotido, pale barabara inapokuwa na mikunjo kama bati la nyumba, bolti ya keria ya kushoto ilikatika na sanduku likabaki linaning'inia kwa mkanda, linapiga ekzosi. Nikasimama. Nyuma yangu ikaja Boxer, kijana, gunia la mahindi nyuma na jerikeni mbili ubavuni, vyote vimefungwa kwa vipande vya tyubu. Hakuna kilichosogea. Akazima, akazunguka pikipiki yangu taratibu kama mtu anayetazama ng'ombe wa mnada.

"Mzee, wewe unabeba sanduku, au sanduku linakubeba?"

Alinipa vipande viwili vya tyubu, akakataa pesa, akapokea maji. Nilifika Kotido na mpira wake.

Uzuri wa sanduku gumu ni kuzuia wizi na mvua. Kwa mtu wa mjini na lami, hayo ni mambo makubwa na simlaumu. Ila kila mtikiso unakwenda kwenye fremu ya nyuma, na kwenye mchanga ukishusha mguu kujizuia, sanduku linakuja na kuukamata muundi wa mguu kwa nyuma. Begi laini halivunji mguu na likipasuka linashonwa. Yangu ya sasa yalishonwa na wale wanaoshona maturubai ya malori, turubai lilelile, mishono miwili, kifuniko cha kukunja. Nimeweka ngao ya bati upande wa ekzosi baada ya lile la kwanza kuungua kona. Kwa bei ya yale masanduku ningeshona seti sita.

Kama unaendesha lami tu na nyumba yako haina geti, nunua masanduku. Sanduku langu la kulia mama watoto ameweka maharage, anasema panya hawaliwezi. La kushoto linauzwa, lina mkunjo mmoja wa Kotido. Kufuli lipo, ufunguo haupo.